Nywele za Kupokelea Wageni

Chuo cha Mount Nebo
Colvin, Alabama
6 Februari 2019

Bi Verdell Maxey,

Hatufahamiani. Ukutani mwa jengo letu la sayansi kuna picha ya wahitimu wa fizikia wa mwaka 1958: wavulana kadhaa, na msichana mmoja aliyekunja uso kama vile mpiga picha anamchelewesha kazini. Chini pameandikwa jina lako. Ofisi ya wahitimu wameniambia kwamba ulikwenda Duluth ukatengeneza vyombo vya hospitali mpaka ulipostaafu, kwamba simu huipokei kwa sababu ya masikio, na kwamba barua unazijibu.

Mimi ni mhandisi wa vifaa vya tiba, nafundisha hapa mwaka wa tano sasa. Unazijua zile kofia za kupimia umeme wa ubongo, zenye vidude vinavyotakiwa kugusa ngozi ya kichwa. Walizibuni watu wenye nywele zinazolala. Za kwetu hazilali. Kofia inaelea juu ya nywele za kipilipili kama mfuniko juu ya sufuria iliyojaa, na kipimo kinatoka takataka. Kila ninaposoma tafiti za ubongo nakutana na sentensi ileile, kwamba washiriki fulani waliondolewa kwa sababu kipimo chao hakikufaa. Nikaanza kujiuliza hao wanaoondolewa ni kina nani. Udadisi huo ndio umenifikisha hapa.

Tumetengeneza vibanio. Kwanza tunamsuka mtu mistari kutoka kwenye paji hadi kisogoni, ngozi ionekane; kisha kibanio kinakaa kati ya mistari miwili na kujishikiza kwa nywele zenyewe. Zikiwa ngumu zaidi kinashika zaidi.

Mwaka jana tuliomba fedha kwa Mfuko wa Thornbury, wakatunyima. Walisema wazo ni zuri ila chuo chetu "hakijaonyesha uwezo", na kwamba tungefanya vyema kuwa chini ya chuo kikubwa. Tumeomba tena. Safari hii wanakuja wenyewe kuangalia, tarehe 26 Aprili, Ijumaa baada ya Pasaka. Wakikataa, hakuna ombi la tatu. Chumba tulichopewa kitarudi kuwa stoo.

Sikuombi pesa. Naomba usome maombi haya, niliyoyaambatisha, kwa jicho la mtu aliyeona vyombo vikifanya kazi na vikishindwa.

Wako kwa heshima,
Keziah Broadnax


Duluth, Minnesota
19 Februari 2019

Daktari Broadnax,

Ile picha sikukunja uso. Jua lilikuwa machoni.

Nimesoma maombi mara mbili, na nimeandika pembeni kwa penseli. Kurasa za katikati unajitetea mno. Anayekuja kukagua hataki kusikia kwamba unaweza; mpe kiti, akae, aone. Halafu nina maswali, maana maandishi yako yameniamshia kitu nilichodhani kimelala. Kibanio kina uzito gani? Mtu akitafuna, akikohoa, kinahama? Jasho la Agosti la huko kwetu mmelijaribu? Na kubwa zaidi: kinashika kwenye nywele mbichi, zilizotoka kuoshwa sasa hivi, hazijaona mafuta wala kitana? Nauliza kwa sababu hospitalini mgonjwa haji akiwa amejiandaa. Anaokotwa alipoangukia.

Nitakwambia ninavyolijua hilo. Nina mdogo wangu, Ozella. Pasaka ya mwaka 1957, akiwa na miaka kumi na saba, alianguka katikati ya kwaya, macho yamegeuka. Mama akampeleka hospitali ya mjini, tukaketishwa chini kwenye ghorofa yetu sisi weusi. Fundi alihangaika na kichwa chake kwa muda mrefu, akabandika vidude kwa gundi, vikadondoka, akabandika, vikadondoka. Mwishowe akasema anyolewe. Mama akakataa, msichana wa miaka kumi na saba, na watu wote wameshamwona ameanguka, amrudishe nyumbani na kipara? Fundi akaandika kwamba kichwa hakisomeki. Daktari, ambaye hakuwa na cha kusoma, akasema ni hasira za wasichana, na Mama amsimamie vizuri zaidi. Mama alikufa akiamini kwamba alikosea kukataa.

Mwaka uliofuata nilihitimu nikaondoka kutafuta mahali wanapotengeneza hivyo vidude. Nikavitengeneza miaka thelathini. Swali la nywele nililiuliza mara moja kwenye kikao, wakaniambia soko lake ni dogo.

Ozella bado yuko Colvin, ni Mama wa Kanisa pale Betheli. Nitamwandikia akukusanyie wanawake.

Verdell Maxey


Duluth
19 Februari 2019

Mdogo wangu Ozella,

Natumaini miguu imepungua kuvimba. Huku theluji bado imefika dirishani.

Pale chuoni yuko daktari kijana anaitwa Keziah Broadnax. Ana kazi inayohusu lile jambo lako la zamani. Atakueleza mwenyewe, mimi nikieleza nitakuchosha. Anahitaji kina mama wa kukaa kwenye kiti wapimwe vichwa. Hakuumi. Nakuomba umpatie watu unaowaamini, wasiobadilika maneno.

Na tarehe 26 Aprili watakuja wageni wakubwa kutoka kaskazini kumkagua. Riziki ya kazi yake yote iko mikononi mwao. Waambie kina mama siku hiyo wajiandae kama tunavyojiandaa kwa mgeni wa maana. Wasimwaibishe mtoto wa watu.

Dada yako,
Verdell


Colvin
10 Machi 2019

Dada Verdell,

Barua yako niliisoma mbele ya kina mama baada ya ibada, ila nilipofika kwenye "wasiobadilika maneno" nikaruka, maana Lurleen alikuwa amekaa mbele kabisa.

Tumeshakwenda huko chuoni mara mbili. Yule mtoto ni mwembamba kama ufito, hali chakula, anakula biskuti za mashine. Nimempelekea maharage na mkate wa mahindi, akala amesimama. Kichwa changu amekisuka mwanafunzi wake mmoja, ana mkono mwepesi, nikasinzia. Mimi siku za kupimwa nakwenda na kitambaa changu kichwani kama ninavyokaa nyumbani, nakivua wanasuka, basi. Nimemwambia habari za mwaka ule. Hakunionea huruma, Dada, aliniuliza maswali. Alitaka kujua kabla sijaanguka nilikuwa nasikia nini. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia nasikia harufu ya sarafu, na hata sasa huwa naisikia, halafu dakika kadhaa sijui zilikokwenda. Wewe sikukwambia kwamba bado yananijia. Usianze kuniandikia barua ndefu.

Kuhusu wageni, usihofu. Tutawapokea. Charlesetta wa saluni anakusalimu, anasema na yeye hatotuangusha.

Jambo moja. Lurleen ana mjukuu anafanya kazi ofisi ya mkuu wa chuo. Anasema chuo kikubwa cha jimbo la jirani kimeshamwita huyo daktari wako, mshahara mara mbili, na vibanio avibebe. Sijui kama ni kweli. Lurleen unamjua, lakini mjukuu wake hasemi uongo.

Wako,
Ozella


Duluth
18 Machi 2019

Daktari Broadnax,

Naambatisha tena kurasa zako zikiwa na alama za penseli. Zimekuwa nzuri.

Nimesikia unaitwa mahali pengine na kwamba kazi hii ungeondoka nayo. Sikuulizi kwa hasira. Nauliza kwa sababu nimemkabidhi kwako mdogo wangu, na yeye ameshaanza kukupelekea maharage. Ukiwa unaondoka, ni bora ajue.

Swali langu la nywele mbichi hukunijibu.

V. Maxey


Chuo cha Mount Nebo
27 Machi 2019

Mama Verdell,

Ni kweli. Barua yao iko kwenye droo yangu tangu Januari, na nilipokuandikia mara ya kwanza ilikuwa pale. Wanataka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Wana karakana ambayo mimi ningeweza kulala ndani nikiitazama tu. Hapa mashine yetu ya kuchapia plastiki ikiharibika namwita fundi wa matrekta.

Nikienda, vibanio vitakuwa vyao. Majaribio yatafanyika huko, na watu watakaopimwa watakuwa ni wanafunzi wao. Kina mama wa Betheli watapewa shukrani mwishoni mwa makala, kwa herufi ndogo. Nikibaki na Mfuko ukakataa, nitakuwa na wazo zuri na stoo. Sijaamua. Nasubiri Aprili iniamulie, na najua hilo si jambo la kujivunia.

Nywele mbichi: sijui. Ningependa kujua kuliko unavyodhani. Lakini hakuna anayekubali kukaa mbele yangu na nywele za namna hiyo. Wanafunzi wangu wenyewe wa kike wanakuja wameshazitunza. Nilimdokezea Mama Ozella, akaniangalia kama nimemwambia avue nguo, akasema, "Mwanangu, nywele zangu mbichi aliziona mume wangu, na alikuwa ni mtu mvumilivu." Sikurudia.

Wako,
Keziah


Duluth
8 Aprili 2019

Mwanangu Keziah,

Sikulaumu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuondoka, tena sikuacha hata anwani kwa wiki nyingi. Ila nitakwambia kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Huku nilikokuja walinipa karakana ya kuitazama tu, kama uliyoitaja. Kila kitu kilikuwapo, isipokuwa mtu wa kumuuliza. Kichwa kimoja chenye nywele kama zangu hakikuingia mle ndani, ila changu.

Ozella anasema kina mama wako tayari. Ukiwaona siku hiyo utafurahi. Watu wetu wakiambiwa mgeni anakuja, hawalali.

Verdell


Chuo cha Mount Nebo
28 Aprili 2019

Mama Verdell,

Naandika baada ya ibada, nikiwa kwenye ofisi yangu. Nitakueleza yalivyotokea, kwa mpangilio, kama unavyopenda.

Wageni walikuwa watatu. Kiongozi wao ni Dakta Aldous Pell, mhandisi, mpole wa sauti, anayeuliza swali halafu anasubiri jibu mpaka unaona aibu. Yuko daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja anaitwa Dakta Sorensen, hakusema sana. Wa tatu ni mtu wa hesabu. Mpango ulikuwa rahisi, na ni wako: wakae, waone. Kila mama angepimwa kwa kofia ya kawaida kwanza, kisha kwa vibanio, na kioo kikubwa cha kompyuta ukutani kingeonyesha tofauti.

Saa nne kamili kina mama wakaingia. Kumi na wawili, suti za kanisani, glovu nyeupe, kofia za Pasaka ambazo sijui milango ilizipitishaje. Dakta Pell alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Moyo wangu ulijaa. Nikawakaribisha, nikawaomba wavue kofia.

Wakavua.

Mama Verdell, zote zilikuwa zimenyooka. Vichwa kumi na viwili. Zimepigwa kitana cha moto, zimepakwa mafuta, zinang'aa kama viatu vya askari. Chumba kizima kilinuka saluni. Charlesetta alikuwa amefungua tangu alfajiri siku mbili mfululizo, na hakumtoza hata mmoja. Wengine wametia dawa ya kunyoosha kabisa, na wawili walivaa mawigi juu ya nywele zilizonyooshwa, kwa usalama.

Nilisimama nimeshika kofia ya kupimia. Walitazamana, wakanitazama, wakitabasamu, wakisubiri niwasifu. Nikawasifu. Ilikuwa ni kweli, walikuwa wazuri.

Tukaanza. Nilimpima Mama Lurleen kwa kofia ya kawaida, na ikamsoma bila tabu, maana nywele zake zilikuwa zimelala kama za watu waliobuniwa kofia hiyo. Tukamsuka, na mistari ikateleza. Vibanio viwili vikadondoka mapajani mwake. Mama wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, kofia ikasoma vizuri kuliko vibanio. Mtu wa hesabu akaacha kuandika. Dakta Pell akauliza kwa upole wake, "Daktari, tatizo mnalolitatua liko wapi?" Akasubiri.

Nikamwambia kwamba kina mama walijipamba kwa heshima yao. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, na niliona haamini. Ungekuwa yeye, ungeamini? Mtafiti anakwambia kitu chake kinafanya kazi kila siku isipokuwa leo.

Mama Ozella alikuwa wa nne kwenye foleni. Akaninong'oneza, "Kuna nini? Mbona umepauka?" Nikamwambia yote, kwa maneno machache. Akasema, "Kwa hiyo ulitaka tuje na vichwa vibaya."

"Si vibaya, Mama."

"Mbele ya wageni ni vibaya." Akageuka kuangalia wenzake, kofia zao zimepangwa juu ya meza kama keki. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida sasa, kila mtu akasikia: "Lile sinki linatoa maji ya moto?"

Mama Lurleen alielewa kabla yangu. Akasema, "Ozella, hapana. Mbele ya hawa?" Mama Ozella alikuwa ameshaanza kuvua hereni. Alinikabidhi lulu zake, akavua koti, akajifunga taulo la maabara mabegani. Akasema, "Lurleen, nina miaka sabini na tisa. Unadhani kuna aliyekuja kuniposa?" Akainama kwenye sinki tunalooshea vifaa, akafungua bomba.

Hakuna aliyecheka. Kina mama walisimama wakamzunguka, migongo yao kwa wageni, kama wanavyomzunguka mtu anapobatizwa, wasimwone. Nilisikia maji tu. Mmoja alimwagia sabuni ya kuoshea mikono, maana hatuna nyingine. Alipoinuka, akasema, "Ondokeni. Wamekuja kuona."

Wakasogea. Nywele zake zilikuwa zimeinuka zote, nyeupe, zimejikunja mpaka kwenye mizizi, maji yanamtiririka shingoni. Alikwenda kiti cha mbele akaketi wima, mikono mapajani.

Nikamvalisha kofia ya kawaida. Ilikaa juu hewani. Kwenye kioo, takataka. Mistari inaruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Dakta Pell akaomba kuibonyeza mwenyewe, akabonyeza, akabadilisha, akaongeza jeli, akavuta kamba ya kidevuni mpaka Mama Ozella akamwambia, "Mwanangu, shingo hiyo bado naitumia." Hakupata kitu.

Kisha kina mama wakamsuka wenyewe, watatu kwa wakati mmoja, hawakumsubiri mwanafunzi wangu. Mistari sita kwenye nywele mbichi. Nilipachika vibanio nikiwa sijui, nakuapia, sijui kabisa kitakachotokea. Vilishika. Hata kimoja hakikusogea. Nikamwomba afumbe macho, na mawimbi yakatulia pale ukutani, mapana, sawasawa, kama yanavyotakiwa kuwa kwenye kichwa chochote kilichofumba macho. Mtu wa hesabu alichukua kalamu yake.

Kuna jambo jingine. Yale mawimbi yakiwa yametulia, upande wa kushoto palitokea ncha moja kali, ikapotea. Baadaye nyingine, mahali palepale. Dakta Sorensen alikuja karibu na kioo, akaweka kidole pale. Wageni walipokwenda kula, alirudi peke yake, akamwomba Mama Ozella ruhusa ya kuzungumza naye, mlango umefungwa. Yaliyosemwa mle ndani ni yake mwenyewe kukwambia.

Swali lako la nywele mbichi nimelijibu. Mfuko watatoa uamuzi katikati ya Juni. Dakta Pell alinipa mkono, hakuahidi lolote.

Keziah


Colvin
5 Mei 2019

Dada Verdell,

Tujiandae! Uliandika mwenyewe, "kama tunavyojiandaa kwa mgeni wa maana." Barua ninayo, nimemwonyesha Lurleen, ili wasiseme nilibuni. Umekaa huko kwenye theluji ukasahau watu wako wakiambiwa hivyo wanakwenda wapi kwanza? Ulitaka tufanye nini, tukate kucha?

Sikukasirika. Nimekasirika kidogo. Charlesetta ndiye alilia. Kazi nzuri kama ile, nikaimaliza kwa sabuni ya mikono.

Yule daktari mama aliniambia hivi. Zile ncha ni kifafa, cha upande mmoja, na huenda kimekuwapo tangu ujana. Harufu ya sarafu ndiyo mwanzo wake. Si hasira. Haikuwa hasira siku hata moja. Aliniuliza nilitibiwa nini, nikamwambia niliambiwa niache kusoma riwaya. Akaandika jina la dawa na jina la daktari wa kumwona. Nimeanza kuzinywa. Zinanifanya nilale mchana kama paka.

Nikamwuliza jambo moja tu. Nikamwambia, mama yangu angenyoa kichwa changu siku ile, wangeona? Akasema labda, labda wasingeona, kipimo kimoja siku moja mara nyingi hakionyeshi kitu. Akasema kosa halikuwa la kichwa wala la mama. Nilikwenda makaburini kumwambia Mama. Nilikwenda na kitambaa changu tu, sikujipamba, ndivyo nilivyokuwa.

Kuosha nywele mbele ya wazungu, hapana, sitarudia. Lakini nilipokuwa nimeinama pale, nilisikia kina mama wamenizunguka, na sikusikia aibu niliyoitegemea. Nilisikia kama ile Pasaka nikianguka, ila safari hii wamenidaka.

Ozella


Chuo cha Mount Nebo
18 Juni 2019

Mama Verdell,

Barua ya Mfuko imefika. Wamekubali miaka miwili, si mitatu tuliyoomba, na fedha zinakuja Mount Nebo moja kwa moja, hazipitii chuo kingine chochote. Mkaguzi mmoja ameandika kwamba bado ana mashaka na karakana yetu. Ana haki, fundi wa matrekta alikuja tena jana. Wametuagiza pia, kwa maandishi, kwamba washiriki wapimwe "wakiwa katika hali yao ya kawaida ya nyumbani". Nimeibandika karatasi hiyo mlangoni na kina mama wameshachora kitambaa cha kichwa juu yake.

Kuna kitu sikukwambia. Ile barua ya chuo kikubwa niliijibu Jumatatu, tarehe 29 Aprili, siku moja baada ya kukuandikia, wakati sijui lolote kuhusu Mfuko. Niliwashukuru, nikakataa. Usidhani nilikuwa shujaa. Lakini Ijumaa ile, Mama Ozella akiwa mlangoni na kofia yake ya Pasaka juu ya nywele mbichi, imekaa upande, aliniuliza, "Wiki ijayo tuje siku gani?" Hakuuliza kama kuna wiki ijayo. Nikasema Jumatano. Baada ya hapo ningemwandikia nani kwamba naondoka?

Sasa nina swali langu kwako, na ni la kitaalamu. Vibanio vyetu vinachoka. Waya wa ndani unalegea baada ya kutumika miezi michache. Sijui ni chuma au ni jinsi tunavyokikunja. Mtu ninayemjua aliyewahi kukunja vitu vidogo namna hiyo kwa miaka thelathini ni mmoja, naye yuko Duluth. Kuna meza ya pili dirishani. Jua linaingia asubuhi; ukikunja uso tutajua sababu.

Keziah


Duluth
1 Julai 2019

Ozella,

Keziah ameniuliza kuhusu waya. Nadhani wanaukunja ukiwa umepoa, lakini sina hakika, na jambo nisilo na hakika nalo sijawahi kuweza kuliacha. Ni lazima niushike kwa mkono wangu.

Mara ya mwisho kuja ilikuwa ni mazishi ya Mama. Nilifika asubuhi nikaondoka jioni, na ulinipokea mlangoni umevaa vizuri sana, ukanikaribisha kwenye sebule ya mbele, ile ya wageni. Nilikaa ukingoni mwa kiti, nikanywa chai kwenye vikombe vyenye maua. Sikukulaumu, lakini nimekuwa nikikiona kile kikombe miaka yote hii.

Kosa la barua ile lilikuwa langu. Nilijua kila kitu kuhusu vile vidude, nikasahau vinakokwenda kukaa. Mtu akikaa mbali muda mrefu anabaki na maneno ya nyumbani na kupoteza yanachofanya.

Nakuja kwa treni, nitashuka Birmingham Ijumaa tarehe 9 Agosti, mchana. Keziah atanichukua kwa gari. Nitakaa mpaka waya utakaponielewa. Tafadhali usijisumbue kwa ajili yangu.

Verdell


Colvin
8 Julai 2019

Dada,

Chumba cha nyuma kina godoro jipya. Feni inapiga kelele upande wa kulia, ila wewe na masikio yako hutaisikia.

Charlesetta amesikia unakuja. Jana baada ya ibada alinishika mkono, akaniuliza anifungulie saluni Alhamisi jioni au Ijumaa alfajiri. Nikamwambia aendelee na usingizi wake, anayekuja si mgeni.

Pitia mlango wa jikoni. Utanikuta na kitambaa changu.

Ozella